Kisoda namba 19

Juzi mtoto wa mwenzetu, tunayemwita Kuhani mchezoni, kaniuliza mbele za watu, pilau iko mezani: "Eti anko, baba anasema aliwahi kulidanganya zimwi mpaka likampa njia. Kweli?" Baba yake akainamia sahani kama vile kuna mfupa anautafuta. Nikamjibu mtoto kwamba ni kweli, zimwi lilidanganyika. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi ndiye sikuridhika, maana jibu lile lina nusu yake ya pili.

Wale wa Jumamosi mnaikumbuka safari ya mgodini. Kwa wengine: tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi. Kila mchezaji ana mhusika wake, mimi naendesha na kuwasemea viumbe, na jambo lenye mashaka linaamuliwa na dadu: namba yako ikifikia inayotakiwa, umefaulu. Wahusika wanne, wote ngazi ya pili, wametoka kuwafurusha vibwengo na sasa wanarudi mjini na gunia la fedha. Mchawi kamaliza nafasi zake zote tatu za uchawi, mbili kati ya hizo kwa kulaza watu usingizi. (Uchawi ule unalaza uhai wa jumla ya dadu tano za pande 8, wastani kama 22, na kibwengo ana uhai 7, kwa hiyo ukiutupa vizuri watatu wanakoroma bila upanga kuchomolewa.) Kuhani kabakiwa na nafasi moja ya kuponya. Mpiganaji ana uhai 11 kati ya 20. Mwizi hana hata mkwaruzo, kama kawaida yake.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, simu zimezima moja baada ya nyingine, na ile programu ya kurusha dadu imezima nazo. Tukarudi kwenye soksi.

Kwa ambao hawakuwahi kuiona: ni soksi ndefu ya mpira wa miguu, ndani yake visoda 20, kila kimoja na namba yake. Ndiyo dadu yetu ya pande 20. Kisoda kikifunguliwa kwa opena kinapinda, kwa hiyo kila kimoja unakigonga kwa jiwe mpaka kinyooke, la sivyo vidole vinakijua. Namba inaandikwa ndani, kwenye ule utando wa plastiki, kwa wino usiofutika. Ukiikwaruza juu kwa msumari, mtu ataisoma kwa kidole gumba kabla hajatoa mkono. Chini ya 6 na 9 weka mstari. Na kisoda kikishasomwa kinarudi ndani, soksi inatikiswa mara tatu, ndipo mwingine anachota. Msiporudisha, hesabu inaharibika: namba 1 ikishatoka, waliobaki wote wako salama, na kila mtu atataka achote wa mwisho.

Dadu nyingine zilitoka kwenye ludo na sarafu. Ya pande 4 ni dadu ya ludo, ikija 5 au 6 unarusha tena. Ya pande 8 ni hiyohiyo ya 4 pamoja na sarafu, picha ikitokea juu unaongeza 4. Ya pande 12 ni dadu ya ludo na sarafu ya kuongeza 6. Inachosha, lakini inakwenda. Wala si ushamba wetu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya TSR, iliyotoa mchezo huu kule Lake Geneva, Wisconsin, iliishiwa dadu, ikawa inaweka kwenye maboksi vipande vya kadibodi vyenye namba ili watu wachote kutoka kwenye kikombe.

Kasoro ya soksi yetu ilikuwa moja tu. Namba 19 kilikanyagwa na mguu wa kiti, kikabonyea upande mmoja, na jiwe halikukinyoosha sawasawa. Tulikuwa tunasema tutakibadilisha.

Njiani kurudi mjini nilikuwa narusha dadu ya ludo kila baada ya saa moja ya mwendo wao. Ikija 1, wanakutana na kitu. Saa ya pili ikaja 1. Nikarusha tena kwenye orodha yangu ya mambo sita, ikaja 6: zimwi, kivukoni.

Zimwi kwenye zile kanuni za bure za mwaka 2014, ambazo tuliziprinti steshenari, lina uhai 59, kinga 11 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili lipate), na rungu la dadu mbili za pande 8 ukiongeza 4. Namba hizo zinakwambia litakufaje. Hazikwambii linafanya nini mchana kutwa. Kwa hiyo kila kiumbe kwenye orodha yangu huwa nakiandikia mistari mitatu: kinataka nini, kinaogopa nini, sasa hivi kinafanya nini. Kwa zimwi niliandika: linataka asali, linaogopa nyuki, linahangaika na kasha la mfanyabiashara, mitungi iko ndani, vidole vyake havienei kwenye kufuli. Mistari mitatu, dakika mbili za kazi. Bila hiyo, kiumbe kinasimama katikati ya njia kinasubiri kuchinjwa, na wachezaji wanakichinja, kwa sababu hujawapa kingine cha kukifanyia.

Hesabu ya hatari nayo ilikuwa ya kichekesho. Zimwi moja lina thamani ya pointi 450 za uzoefu. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya pili, kitabu kinasema 400 ni pambano la wastani na 600 ndiyo gumu. Wastani, basi. Lakini kitabu kinadhani watu wamepumzika. Pigo la wastani la rungu lile ni 13, na Mchawi wetu akiwa mzima kabisa ana uhai 12. Zimwi linaongeza 6 kwenye kila shambulio, kinga ya Mchawi ni 12, kwa hiyo kati ya visoda 20 visoda 15 vinampata. Kukimbia nako hakufai: zimwi linakwenda futi 40 kwa raundi, binadamu 30, na wao wana gunia.

Niliwaanzisha futi 60 mbali. Hili nalisisitizia kila anayeendesha mchezo: umbali ndio unaoamua kama watu watazungumza. Ukiwakutanisha uso kwa uso, upanga utatangulia. Halafu niliwapa dalili tatu bila kurusha chochote: harufu ya asali, vigae mchangani vya mitungi ya kasha la kwanza ambalo zimwi lililipiga rungu likaharibu kila kitu, na kufuli la kasha la pili lililokwaruzwa kwa kucha. Dalili ya lazima usiifiche nyuma ya dadu. Wakikosa namba, pambano lote linabaki kichwani mwako.

Kabla hawajasema neno nikarusha dadu mbili za ludo kwa ajili ya zimwi. Hii ni kanuni ya zamani, ilikuwepo tangu toleo la kwanza la watunzi wa mchezo huu, Gygax na Arneson, la mwaka 1974, na kwenye toleo la sanduku la mwaka 1981 imepangwa vizuri: 2 linashambulia papo hapo, 3 hadi 5 lina uadui, 6 hadi 8 lina shaka, 9 hadi 11 halishambulii, 12 linakuwa rafiki. Katika njia 36 za dadu mbili kuanguka, 16 zinaishia kwenye shaka. Na shaka ndiyo utamu wenyewe, kwa sababu inawaachia wachezaji waisukume upande wautakao. Ikaja 7.

Mpiganaji keshachomoa upanga. Mwizi anauliza kama kuna mti wa kupanda. Ndipo Kuhani, ambaye tangu tuanze alikuwa anakula karanga tu, akasema: "Ngojeni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Nikajibu kwa sauti ya zimwi: "Wewe nakujua?"

"Babu yangu ulimla wewe. Ukamwachia mguu mmoja. Ukoo mzima unakushukuru, nimetumwa nilete salamu."

Meza ilipasuka kwa kicheko. Mshumaa mmoja ukazimika, ukawashwa. Nikawaambia zimwi limeshusha rungu, linajikuna kisogo, linajaribu kumkumbuka mzee mwenye mguu mmoja. Kisha nikasema huo ni udanganyifu, chota.

Kuhani siku zote huchota haraka, kama anayepokonya muhogo jikoni. Safari hii aliuingiza mkono polepole mpaka soksi ikamfika karibu na kiwiko. Tukasikia visoda vinagongana, vikatulia, vikagongana tena. Yeye anaangalia dari. Mpiganaji akamwambia atoe. Akasema, "Natikisa." Vikagongana mara ya tatu, kidogo tu, kama viwili hivi. Mkono ukatoka umefumbwa, akakiweka mezani mgongo juu, kidole gumba bado kimekaa pembeni yake. Alipokiondoa nikaona meno ya kisoda upande mmoja yamelala. Mwizi naye aliona, maana alikohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Kuhani akakigeuza.

19. Ongeza 1 yake ya haiba, 20.

Nilikuwa na nafasi ya sekunde tatu hivi kusema "rudia." Sikuitumia. Meza nzima ilikuwa inacheka, na zimwi, mdomoni mwangu, lilikuwa limeshaanza kuuliza hali ya yule babu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwizi akajitolea kulifungua kasha, mara ya kwanza kifaa kikateleza, ya pili akapata. Mitungi sita mizima. Zimwi likawabebea gunia mpaka ng'ambo. Niliwapa pointi zote 450, yaani 112 kwa kila mmoja na ile nusu tukaisamehe, kwa sababu kikwazo kilichovukwa kimevukwa, damu imwagike isimwagike. Mpiganaji alinung'unika kwamba amelipwa kwa kusimama. Bado ananung'unika.

Sasa hapo kwenye kisoda ndipo ninapopigia hesabu kila nikikumbuka. Busara ya zimwi ni 7, kwa hiyo kwenye kubaini uongo linapunguziwa 2, na lisiposhtuka, kutoka 10 ya kawaida linabaki na 8, ndiyo namba ya kufikiwa. Kuhani ana 1 ya kuongeza. Alihitaji kisoda cha 7 au zaidi. Visoda 14 kati ya 20 vilikuwa vinamfaa. Angechota amefumba macho, kwa haraka yake ya kila siku, na angepita mara saba kwa kila kumi. Kama kweli alikitafuta kile kilichobonyea, alitafuta kitu asichokihitaji. Na kama hakukitafuta, basi ni bahati ya kawaida kabisa, moja katika ishirini, inayotokea kila Jumamosi bila mtu kukohoa.

Angejua ni 7, angetikisa muda ule wote? Sidhani. Lakini pia sidhani kama tungenyamaza vile. Namba ingetajwa, watu wangeanza kuhesabu kwa vidole, na yule babu wa mguu mmoja angekuwa sehemu ya hesabu badala ya kuwa babu.

Zimwi lilelile nimeliweka tena kwa kundi jingine, neno kwa neno: futi 60, vigae, harufu, kufuli. Dadu zikatoa 9, yaani halikuwa hata na nia ya kugombana. Wakalipiga mishale kabla sijamaliza kueleza mto. Raundi nne. Mchawi wao akaanguka ya pili, akaokolewa na kisoda cha 20 alipokuwa anachotea uhai wake, maana 20 pale inakurudisha na uhai 1. Walifurahi sana. Waliniambia ndiyo Jumamosi bora kuliko zote, na asali hawakuigusa.

Kisoda cha 19 nilikibadilisha wiki iliyofuata, nikavigonga upya vyote 20 kwenye kizingiti. Siku hizi nataja namba kwa kila kitu ambacho mhusika angeweza kukikadiria kwa macho: shimo la kuruka, ukuta wa kupanda, mlango wa kuvunja. Anayesimama ukingoni anaona upana wa shimo, kwa hiyo na mchezaji ajue. Kilichomo moyoni mwa mwingine sikitaji, nasema tu "chota." Uongo unamwacha mtu katikati. Mwenye kuudanganya uso ule anauona, anaona rungu limeshuka na kisogo kinakunwa, na hapo alikuwa na haki ya kujua kwamba lango liko nusu wazi. Mpiganaji anashikilia kwamba namba itajwe kila wakati. Mwizi anasema isitajwe kamwe. Kuhani nilimuuliza ileile siku ya pilau, tulipobaki wawili tunaosha mikono. Akaniuliza soksi ile bado ninayo.