Ng'ombe wetu walipolala karakana

Masika yalikuwa yamekwisha na ngano imeanza kukauka masuke. Kaka yangu aliswaga ng'ombe kwa njia ileile ya siku zote kwenda Ziwa Basotu, kunywa maji na kulamba chumvi, nami nikiwa nyuma na ndama. Njia ilikuwa yetu tangu enzi za mababu, ila sasa ilikatiza katikati ya shamba. Ilikuwa miaka ya 80, na sisi Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, kaskazini mwa Tanzania, tulishazungukwa: mashamba saba ya umma, kama ekari 100,000 kwa jumla, yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada ili nchi ijitosheleze kwa ngano.

Walinzi walitukamata kabla hatujafika nusu ya njia. Kaka alichapwa fimbo mbili tatu, ng'ombe wakapelekwa karakana na kufungiwa kati ya matrekta. Hadi jioni wenye ndama wachanga walikuwa wameshajaa. Maziwa yakawa yanadondoka yenyewe kwenye vumbi lenye oili, na sisi tangu asubuhi hatujatia kitu mdomoni.

Baba alifika giza limeingia. Karani alikuwa na taa ya chemli na kitabu cha risiti.

"Mzee, mifugo yako imeharibu mali ya serikali. Kuna faini."

"Nitalipa," Baba akasema. "Na mimi nina ya kwangu. Baba yangu amelala pale, ng'ambo ya mtaro. Mmempitishia trekta. Faini ya hilo naidai kwa nani?"

Alikuwa anazungumzia bung'eda, kaburi la udongo tunalomjengea mzee wa heshima. Msiba wake huchukua miezi, koo zinakuja kutoka mbali, na baadaye watu hurudi hapo kuomba. La babu lilisawazishwa na plau msimu mmoja tu. Karani alikaa kimya kidogo, kisha akamuuliza kama eneo hilo ana hati yake.

Mpaka leo swali hilo linanikera kuliko zile fimbo. Nyanda zile, muhajega, ndizo zilizokuwa malisho yetu bora, na kwa sababu hiyohiyo hatukukaa juu yake mwaka mzima. Tulilisha, tukahama, nyasi zikapumzika, tukarudi. Wapimaji walikuta nyasi bila watu wakaandika kuwa ardhi ni tupu. Shamba la mkulima likipumzishwa hakuna anayesema halina mwenyewe.

Asubuhi Baba aliuza dume kwa bei ya kutupa, akalipa, tukaondoka na kundi likiwa na kiu. Ilibidi tuzunguke shamba zima kufika ziwani.

Wenzetu wa kijiji cha Mulbadaw walikuwa wameshafungua kesi ya kudai ardhi iliyochukuliwa na mashamba hayo, Mahakama Kuu, Arusha, mwaka 1981. Walishinda, kijiji kizima kikasherehekea. Kwenye rufaa mambo yakageuka: miongoni mwa sababu, wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kama ilivyotakiwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoachwa na Mwingereza.

Baba alisimuliwa hukumu hiyo mnadani Katesh. Aliomba arudiwe, akidhani hakusikia vizuri. Kisha akauliza majaji walitaka shahidi gani zaidi, maana waliozaliwa pale kabla ya Mwingereza wote wako chini ya ngano.