Mshipi wa perege na kambale, Mtera wakati wa kiangazi

Bwawa la Mtera, kwenye Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, hupungua maji kiangazi, na samaki hukusanyika penye kina. Kwangu, huu ndio msimu mtamu wa mshipi.

Perege ana mdomo mdogo, kwa hiyo tumia ndoano namba 8 au 10. Ndoano kubwa kuliko hizo (namba ikipungua, ndoano ni kubwa zaidi), atadonoa chambo na kuiacha. Mshipi uwe mwembamba, boya jepesi, risasi ndogo sentimita 15 hivi juu ya ndoano. Risasi nzito inaharibu kila kitu: akihisi uzito, anatema. Chambo kiwe kipande cha nyungunyungu kinachofunika ndoano tu. Ukiacha mkia unaning'inia, atang'ata mkia.

Kambale hula chini kabisa, hasa jua likishuka. Ndoano kubwa, matumbo ya kuku, na subira: mwache aondoke na mshipi kwanza, ndipo uvute. Jihadhari na miiba ya mapezi yake ya kifuani, inachoma vibaya.

Usisimame majini kamwe, wala usisafishie samaki hapo unapovulia. Mamba wapo. Ondoka kabla ya giza, viboko hawajatoka kula nyasi.