Zaburi kila saa mbili: kumtunza mwenzi aliyeumia ubongo vibaya

Mume au mke akipata ajali ya pikipiki akaumia kichwa, hospitali hupigana kumvusha. Siku anaporuhusiwa kutoka hospitali kama MOI ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au kwingineko, karatasi yake mara nyingi ina namba ya kipimo cha fahamu cha Glasgow, kinachoanzia 3 na kuishia 15. Aliyefika na 8 au chini yake aliumia vibaya sana, na wapo wanaorudi nyumbani hawasemi, hawamezi, hawajigeuzi. Hapo ndipo ahadi ya kushikamana katika afya na ugonjwa inapohitaji ratiba ukutani. Mkesha wa maombi ni mwema, ila mgonjwa asiyegeuzwa usiku huo huamka na kidonda.

Kumgeuza ni kila saa mbili, mchana na usiku: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Akilala ubavu, usimweke wima juu ya mfupa wa nyonga. Mwegemeze kwenye mto mgongoni kwa nyuzi kama 30, uzito ukae kwenye nyama ya tako. Mto wa pili uwe kati ya magoti, wa tatu chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Msimkokote: watu wawili mnyanyueni kwa shuka iliyokunjwa chini yake, maana msuguano huchuna ngozi. Wala msimvute kwa mkono uliopooza, bega hutoka mahali pake.

Kila mkimgeuza, kagueni kisogo, nyonga, visigino na mfupa wa juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha mgongo wa kiganja. Palipo na joto kuliko pembeni yake, palipokuwa pagumu au palipozidi kuiva rangi pameanza kuumia; msipalalie tena mpaka patulie, na msipachue kwa mafuta. Ile ngata ya kitambaa ambayo wengi huweka chini ya makalio iondoeni. Inabana damu kuzunguka palepale mnapotaka ipite.

Zamu hizo ni 12 kwa siku. Kila zamu soma zaburi moja karibu na sikio lake, kwa sauti ya kawaida, na zote 150 zitaisha ndani ya wiki mbili. Msiziruke zaburi za maombolezo. Ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, na nyumba yenye mgonjwa wa namna hii inaruhusiwa kuisali hivyo ilivyo.

Kulisha ndiko kunakokosewa zaidi. Mgonjwa anayelishwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni alishwe akiwa ameinuliwa nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo walau nusu saa baadaye, saa nzima ikiwezekana. Kabla ya kulisha tazama alama kwenye mpira inapogusana na pua. Ikiwa imesogea, usitie kitu. Vuta majimaji kidogo kwa sirinji uyapime kwa karatasi ya asidi: pH ya 5.5 au chini ni dalili kwamba mpira uko tumboni. Kupuliza hewa na kusikiliza hakuaminiki, kwani sauti husikika hata mpira ukiwa mapafuni. Kisha maji 30 ml, chakula, maji 30 ml tena. Mlo wa 250 ml ushuke wenyewe kwa dakika 20 hadi 30, sirinji ikiwa juu na bila kusukumwa. Idadi ya milo kwa siku apange mtaalamu wa lishe, kwa uzito wa mgonjwa.

Tatizo kubwa la uji ni hili: mzito unaziba mpira, na ukiuzimua kwa maji unabaki maji matupu. Mgonjwa anakonda huku anaonekana kula, na vidonda havifungi. Dawa yake ni kimea. Pika uji mzito, uache upoe kidogo uwe wa moto usiochemka, koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa), na baada ya dakika chache utalegea bila kuongezwa maji. Uchemshe tena, tia maziwa na mafuta ya kula, chuja kwa kitambaa safi. Uliokaa nje kwa muda wa saa nne mwageni. Vidonge visagwe viwe vumbi na kila dawa ipite peke yake, lakini muulizeni mfamasia kwanza, kwa sababu vile vya kutoa dawa polepole havisagwi.

Hapa kuna neno kwa wanaokuja kuombea. Msimtie maji ya baraka wala mafuta ya upako mdomoni. Asiyeweza kumeza anapaliwa, na wengine hupaliwa kimyakimya bila hata kikohozi; maji huleta nimonia, na mafuta yakifika mapafuni hukaa huko yakiharibu. Yakobo 5:14 inaagiza kumpaka mgonjwa mafuta, na kipaji cha uso kinatosha. Kwa Wakatoliki, asiyeweza kupokea umbo la mkate anaweza kupewa Ekaristi kwa umbo la divai pekee, na hata tone hilo lisubiri umezaji wake upimwe.

Akipata degedege, mlaze ubavu, tazama saa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika tano, ni hospitali. Degedege hiyo hutoka kwenye kovu la ubongo na dawa zake hazikatwi ghafla, hata kama mhubiri ametangaza uponyaji. Vivyo hivyo matusi na kurusha ngumi baada ya kuzinduka: sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia hasira, imeumia. Msimkemee kama pepo wala msimfunge kamba. Zimeni redio, aongee mtu mmoja kwa sentensi fupi, kisha mtafute kinachomsumbua: choo kigumu, mpira wa mkojo ulioziba, jino, homa.

Kama macho yamefunguka lakini hajibu, mpimeni kwa kioo. Kishikeni mbele ya uso wake, kisogezeni taratibu kulia, kushoto, juu na chini, muone kama macho yanafuata sura yake. Rudieni nyakati tofauti, siku tofauti, na muandike, maana fahamu zake hupanda na kushuka. Daktari akiona daftari hilo ataamua vizuri zaidi kuliko akisikia "kuna siku anatuona". Imbeni pia tenzi alizozoea, polepole. Wapo wasioweza kutamka sentensi ambao maneno ya wimbo huwatoka.

Ndugu wakiuliza kwa nini mnaendelea kumlisha, Papa Yohane Paulo II alilisemea jambo hili tarehe 20 Machi 2004: maji na chakula, hata vikipita kwenye mpira, ni huduma ya kawaida anayostahili mgonjwa maadamu vinamlisha na kumpunguzia mateso, na mtu haachi kamwe kuwa mtu. Mimi naliamini hilo kwa moyo wote.

Sasa kuhusu jumuiya. Watu ishirini chumbani wakiimba humchosha mgonjwa na mtunzaji. Waingie wawili wawili, dakika 15. Mwenyekiti wa jumuiya agawe kazi kwa majina: nani anafua shuka Jumatatu, nani anasaga kimea, na nani anashika zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri mara mbili kwa wiki. Huyo wa usiku afundishwe kwanza mchana, amgeuze na kumlisha mbele yako, ndipo uende kulala chumba kingine na mlango ukiwa umefungwa.