Tulivyopima mzingo wa Dunia kutoka Mtwara kwa timazi na bati lenye tundu

Karibu na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini hasa pale Mtwara mjini, na nguzo iliyosimama wima hukosa kivuli. Kilwa Masoko huwa imeshapitiwa tarehe 16, Lindi tarehe 19, na Masasi hufuata tarehe 21. Mwezi huo jua linashuka kusini karibu kilomita 40 kwa siku, kwa hiyo ukikosea siku umekosea mji. Nilitumia adhuhuri hiyo kupima mzingo wa Dunia pamoja na mwalimu mwenzangu aliyeko Tanga.

Wazo lenyewe ni kongwe. Eratosthenes wa Aleksandria alilifanyia kazi karne ya 3 KK: jua likiwa utosini Syene, ambayo leo ni Aswan, Aleksandria lilikuwa limeinama kwa sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali wa miji hiyo ulihesabiwa stadia 5,000 (kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), basi Dunia nzima ikawa stadia 250,000. Ugumu umebaki kwenye milimita.

Uamuzi unaobeba kipimo chote ni mshirika awe wapi. Wengi hukimbilia Lindi kwa sababu ni jirani. Barabara ya Mtwara hadi Lindi ni kilomita 100 na ushei, lakini kwenda kaskazini moja kwa moja ni 30 tu, yaani nyuzi 0.27. Kwa kifaa chenye kimo cha mita 2, hiyo ni tofauti ya milimita 9 kati ya kivuli cha huku na cha kule. Kila upande ukikosea milimita 2, jambo la kawaida kabisa, jibu linaweza kuangukia popote kati ya kilomita 31,000 na 57,000. Tanga iko nyuzi 5.2 kaskazini ya Mtwara, tofauti inakuwa kama milimita 182, na makosa yale yale yanashuka hadi asilimia moja na nusu. Dar es Salaam inafaa kwa asiye na mtu Tanga: tofauti ni milimita 121 na makosa yanakaribia asilimia 2.3.

Umbali nao una mtego. Kilomita za basi hazifai. Mtwara hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya 550, wakati kaskazini-kusini ni kama 380. Mtego wa pili umejificha zaidi: kuchukua latitudo kwenye simu na kuzidisha kila nyuzi kwa kilomita 111. Hiyo 111 imetoka kwenye mzingo wenyewe, kwa hiyo utakuwa umeliendea swali jibu lake likiwa mfukoni. Sisi tulichukua ramani ya karatasi yenye mstari wa skeli, tukachora mstari wa mashariki-magharibi unaopita Mtwara, tukapima kwa rula umbali wa wima kutoka mstari huo hadi Tanga. Kilomita 575.

Sasa kifaa. Kijiti cha mita moja, ambacho ndicho kinachopendwa shuleni, sikukitumia. Jua lina upana wa nyuzi 0.53, kwa hiyo ncha ya kivuli haina ukingo. Inafifia kwa takriban milimita 9. Kwa Tanga kivuli chote kingekuwa milimita 91. Ukibishana na ukungu wa milimita 9 ndani ya 91, asilimia kumi imeshaondoka.

Badala yake weka bati lenye tundu, upate picha ya jua lenyewe chini. Nilikata bati bapa la sentimita 20 kwa 20, nikatoboa tundu la milimita 5 kwa drili na kuondoa makombo kwa msasa. Bati limepigiliwa kwenye mkono wa mbao ya mbili kwa mbili unaochomoza sentimita 40 kutoka nguzo ya baraza, mita 2 juu ya ubao wa chini. Ubao ni plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60 uliobandikwa karatasi nyeupe. Usiamini sakafu. Baraza nyingi zimemwagwa zege kwa mteremko ili maji ya mvua yatoke, na mteremko wa sentimita 1 kwa mita ni nyuzi 0.57, zaidi ya sehemu ya kumi ya kile unachotafuta. Sawazisha ubao kwa kabari na pima maji, kisha igeuze pima maji upande mwingine, kushoto kuwa kulia, uone kama povu linarudi pale pale. Isiporudi, pima maji yenyewe ni mbovu.

Mahali panapokula muda ni kupata mguu wa kifaa, yaani nukta iliyo chini kabisa ya katikati ya tundu. Ukipitisha uzi wa timazi kwenye tundu la milimita 5, uzi utalalia ukingoni na kukupotosha milimita 2.5, tena upande ule ule kila mara, kwa hiyo kurudia kipimo hakusaidii kitu. Nilikata kizibo kutoka soli ya ndala, nikakichoma sindano katikati, nikapitishia uzi hapo na kukisokomeza tundu likajaa. Timazi la fundi wa ujenzi linatosha. Fanya kazi hii alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka, weka alama, toa kizibo. Baada ya kipimo rudisha uzi uhakikishe mguu haujahama. Ukihama zaidi ya milimita 1, matokeo ya siku hiyo yatupwe bila huruma. Kimo cha tundu, kinyume chake, hakihitaji kukutoa jasho: ukikosea milimita 5 katika 2,000 ni robo ya asilimia tu.

Saa zetu Tanzania zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko magharibi yake, kwa hiyo adhuhuri ya jua haiji saa 6 kamili. Tarehe 20 Oktoba inafika Mtwara karibu saa 6:04 mchana na Tanga 6:08. Habari njema ni kwamba dakika yenyewe huhitaji kuijua. Picha ya jua inatembea kutoka magharibi kwenda mashariki kwa milimita 8 hadi 9 kwa dakika. Weka alama kila dakika mbili, kuanzia robo saa kabla hadi robo saa baada, unganisha nukta kwa rula, kisha pima umbali wa wima kutoka mguu hadi mstari huo. Ukizidisha nusu saa kila upande mstari unapinda kwa milimita 3, ndiyo maana tunaishia mapema. Dira usiisogelee kabisa. Inaonyesha kaskazini ya sumaku, na nondo zilizo ndani ya zege zinaivuruga zaidi.

Picha inakuwa duara la milimita 23 hadi 24: 18.7 za jua, kwa sababu jua liko umbali wa takriban mara 107 ya kipenyo chake, na 5 za tundu. Likiwa kubwa kuliko hapo, angalia upya tundu na kimo. Kukadiria katikati ya duara kwa macho hakuaminiki, kwa hiyo chora duara la milimita 24 kwenye kadi, toboa kitovu chake kwa sindano, telezesha kadi hadi mwanga ulijaze duara, uchome. Picha ikififia, mwanga wa anga umezidi. Zungushia makaratasi ya boksi ukiacha upande wa kuchungulia. Macho yaelekee kwenye ubao tu, kamwe usichungulie jua kupitia tundu.

Tulikubaliana kitu kimoja kabla ya siku: kila mtu apige picha ya karatasi yake yenye alama na kuituma kabla ya kuona ya mwenzake, na kabla ya hesabu yoyote. Wote tunajua jibu ni kilomita 40,000 na kidogo, na mkono unaojua jibu hupata njia ya kusogeza rula.

Kwangu mstari ulipita milimita 2 kusini ya mguu, kwa mwenzangu 177 kaskazini. Pande mbili tofauti, basi pembe zinajumlishwa. Zingekuwa upande mmoja zingetolewa. Milimita hizo ukizigawa kwa kimo cha 2,000 unapata tanjenti ya pembe: pembe ya Mtwara ni nyuzi 0.057, ya Tanga 5.058, jumla 5.115. Gawa 360 kwa 5.115, zidisha kwa 575: karibu kilomita 40,500. Mzingo unaopita kwenye ncha mbili za Dunia ni 40,008, na tofauti hiyo imo ndani ya asilimia moja na nusu tuliyoiandika kabla. Kupima siku mbili tofauti kungeharibu kila kitu, maana picha inahama zaidi ya milimita 12 kati ya adhuhuri moja na inayofuata.

Lakini mwanafunzi mkali atauliza: mmejuaje kwamba Dunia ni duara? Hatujajua. Namba zile zile zinakubali Dunia bapa yenye jua dogo lililoning'inia kilomita 6,400 juu ya Mtwara. Gawa 575 kwa tanjenti ya pembe uone. Miji miwili haitenganishi mawazo haya mawili, na hata ukiongeza Arusha tofauti ni ndogo mno. Inabidi kwenda mbali. Cairo iko kama kilomita 4,460 kaskazini ya usawa wa Mtwara. Dunia ikiwa duara, adhuhuri ya siku ile ile kijiti cha mita 1 pale Cairo kitatoa kivuli cha sentimita 85. Ikiwa bapa, karibu 70. Hapo hata ukungu wa ncha ya kivuli hauna madhara, tofauti ya sentimita 15 inaonekana kwa rula ya shule.

Nafasi ya pili ya mwaka ni karibu tarehe 22 Februari. Adhuhuri ya Mtwara siku hiyo ni saa 6:33 na ya Tanga 6:37. Kwetu ni msimu wa mvua na mawingu hukatisha mstari wa alama, kwa hiyo anza mapema na uweke alama kila dakika moja. Nukta sita zilizotawanyika pande zote za adhuhuri zinatosha kuchora mstari.