Tabora kwenye ubao wa sentimita 244

Wiki ya tatu sasa karatasi ya kaki imetandazwa sakafuni chumbani, na mke wangu ameshazoea kuiruka akienda kufungua dirisha. Urefu wake ni sentimita 244, upana 40, sawasawa na kipande cha plaiwudi nitakachokatiwa. Hapo juu naijenga stesheni ya Tabora, ya treni ndogo za kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87.

Wengi wakichora njia za treni ya mfano huanza na duara. Treni inazunguka, inazunguka, baada ya siku mbili hakuna anayeiangalia. Mimi nimekulia kota za reli, na treni ninayoikumbuka ilikuwa na kazi. Ilifika kutoka Dar, ikasimama, ikakatwa: mabehewa ya Mwanza kando, ya Kigoma kando, na ya Mpanda yakafungwa pamoja na ya Kigoma kwa kuwa yanaachana mbele huko, Kaliua. Usiku nikiwa kitandani nilisikia mabehewa yakigongana, kisha filimbi ya gadi, msimamizi wa treni. Mara nyingi gadi huyo alikuwa baba. Kwa hiyo kabla ya kuchora hata mstari mmoja niliandika kwenye daftari: treni inafika na mabehewa manne, mawili ya Mwanza, moja la Kigoma, moja la Mpanda. Reli zije kuitumikia kazi hiyo.

Upana wa reli nao ulinichukua muda. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 na kufika Tabora 1912, ina upana wa mita moja. Gawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ya mfano iliyo karibu na hapo ni ya milimita 12. Ile ya 16.5, ambayo ndiyo rahisi kuipata, ni SGR kabisa, ile reli mpya iliyo pana zaidi! Behewa la Reli ya Kati likikaa juu yake, aliyekulia kota anaona kasoro papo hapo. (TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067, ambayo kwangu ni 12.3, kwa hiyo treni zake zingepita kwenye ubao wangu bila shida. Kidatu penyewe, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe behewa kwa behewa.)

Nilimpigia picha baba mchoro wa kwanza, nikamtumia. Simu ikaita kabla sijaiweka chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeuona. Sasa niambie, injini iliyoleta treni inapata wapi pa kutokea?"

Nikainama kwenye karatasi. Tabora ya kweli reli inapita kwenda Kigoma. Yangu inaishia ukutani, na Dar, Mwanza na Kigoma zote ziko nyuma ya kabati upande wa pili. Treni ikiingia njia namba moja, injini inatangulia kuelekea ukutani. Ili iachane na mabehewa irudi kwa njia namba mbili, lazima kwanza iivuke yote pointi, pale reli inapogawanyika kuwa njia mbili. Mbele ya pointi nilikuwa nimeacha sentimita 12. Injini yangu ina 18. Ingefungiwa pale na mabehewa nyuma yake, na kazi yote ingekwama.

Nilisogeza pointi zote mbili sentimita 8 kuelekea kabatini. Njia ya mabehewa nisingeweza kuifupisha, maana manne ya sentimita 20 yanahitaji 80 na nafasi kidogo kila upande. Kilichoondoka ni kijinjia cha ghala, nilikokusudia kuweka mapipa ya asali. Niliumia. Tabora bila asali!

Jana usiku nilikata vipande vya boksi kwa urefu wa injini na mabehewa, nikaweka alama nyekundu pale njia mbili zinapokaribiana, ambapo behewa likiizidi litakwaruzwa na linalopita pembeni. Nikasukuma kwa mkono, taratibu, hatua kwa hatua. Injini ikavuka pointi, ikabaki nafasi ya sentimita mbili. Ikarudi, ikazunguka, ikayashika mabehewa kwa nyuma.

Baba ameongeza jambo moja tu: behewa la Mpanda likae mwisho kabisa wa treni ya Kigoma, ili Kaliua walikate mara moja bila kugusa mengine.