Kompyuta mpakato ya zamani: inawaka lakini haifiki Windows

Iliyo mezani safari hii ni kompyuta mpakato ya dada yangu, ya zama za Windows 7, yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR3 na diski ya kuzunguka. Ukibonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma, kioo kinabaki cheusi. Siku nyingine nembo inatokea, Windows inaanza kupakia, skrini ya buluu ya hitilafu inapita haraka machoni, kisha mashine inajiwasha upya, na itaendelea hivyo hivyo mpaka uizime kwa lazima. Dada aliambiwa madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, imekufa. Sikukubali, maana madabodi iliyokufa haionyeshi nembo hata mara moja.

Kioo cheusi

Nilichomoa chaja, nikatoa betri kubwa (hiyo ilishakufa kitambo, haishiki chaji kabisa), nikashikilia kitufe cha kuwasha kama nusu dakika ili umeme uliosalia uishe. Hakuna kilichobadilika. Nikafungua kifuniko cha chini na kujaribu vipande viwili vya RAM kimoja kimoja. Kila kimoja kikikaa nafasi ya kwanza, nembo inakuja. Kikihamia nafasi ya pili, giza. Kwa hiyo RAM ni nzima, mgonjwa ni nafasi yenyewe. Nilipomulika kwa tochi niliona vumbi lililoshikamana katikati ya pini. Brashi laini na alkoholi ya asilimia 99 vilitosha, nikaacha pakauke vizuri, nikarudisha vipande vyote viwili. Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikakesha ikipima na haikukuta kosa.

Kujiwasha upya

Kabla ya kugusa chochote cha Windows, niliwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi na kunakili picha na hati zote za dada kwenye diski ya nje. Hili silijadili na mtu. Wengi hukimbilia kufomati, na kinachopotea hapo hakinunuliki. Nikiwa humo humo kwenye Linux nikasoma taarifa za SMART, yaani rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake: namba 5 na namba 197, zile zinazohesabu sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri hukumu, zote sifuri. Diski haina ugonjwa.

Nikarudi Windows, nikabonyeza F8 mapema na kuchagua mashine isijiwashe yenyewe ikipata hitilafu. Sasa buluu ikasimama nikaweza kuisoma: 0x0000007B. Maana yake Windows imeanza kupakia, halafu ikashindwa kuifikia diski ambayo yenyewe imo ndani yake. Linux inaiona diski ile ile bila taabu. Basi kilichoharibika si diski, ni namna Windows inavyoelekezwa kuongea nayo.

Nikaingia BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Tarehe ilisomeka 1 Januari 2009. Nilipoiona tu, mambo mengi yalianza kujipanga kichwani. Nikashuka hadi kwenye mpangilio wa SATA, unaoamua mashine iongee na diski kwa njia gani, ya zamani (IDE) au mpya (AHCI). Ulisomeka: IDE. Windows hii ilisakinishwa kwa AHCI, na Windows 7 huacha draiva (programu za kuongea na vifaa) ambazo haikuzihitaji wakati wa kusakinishwa zikiwa zimelala. Ukiibadilishia njia ghafla, inapotea. Nikaweka AHCI, nikahifadhi, nayo ikapanda moja kwa moja hadi kwenye picha za watoto wa dada.

"Kwa hiyo imepona?" akauliza.

"Bado, dada. Ilale kwanza bila chaja."

Asubuhi: 2009 tena, IDE tena, buluu tena.

Betri ndogo

Tarehe na mipangilio ya BIOS hushikiliwa na betri ya CMOS, hapa ni CR2032 ya volti 3. Ilijificha chini ya kibodi, imefungwa plastiki, ina waya mbili na plagi ndogo. Multimita ilionyesha volti 1.9. Chaja ikiwa imechomekwa, au betri kubwa ikiwa na uhai, betri hii hupumzika. Lakini betri kubwa imekufa, na dada huchomoa chaja kila usiku. Kwa hiyo kila usiku mzigo wote uliangukia kwenye kibetri kilichochoka, BIOS ikasahau, ikarudia mipangilio ya kiwandani, na mipangilio ya kiwandani ya mashine hii ni IDE. 

Nimeweka mpya iliyokuja na waya wake. Usichomelee waya juu ya betri ya aina hii, joto linaweza kuipasua. Pia linganisha mpangilio wa nyekundu na nyeusi kwenye plagi kabla ya kuchomeka, kwa sababu watengenezaji hawafanani. Nikarekebisha tarehe, nikarudisha AHCI, nikaiacha usiku kucha bila umeme wowote. Asubuhi saa ilikuwa sahihi na Windows ikafunguka bila kusita. Hata zile tovuti zilizokuwa zinadai vyeti vya usalama si halali zimefunguka, kwa sababu cheti hukaguliwa kwa tarehe ya mashine.

Kinachofuata

Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tangu 14 Januari 2020, kwa hiyo namhamishia dada Linux nyepesi. Nitaiweka kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya inchi 2.5. Diski ya sasa ina unene wa milimita 9.5 na SSD ni milimita 7, kwa hiyo natafuta fremu ya kujazia ili isicheze ndani.