Sarafu nne adimu zimetoka kwa mpigo, hela ipo ya moja na nusu

Kila mkusanyaji sarafu ninayemjua analalamika vitu vizuri havionekani, unazunguka Kariakoo, unavuka hadi Mji Mkongwe, unaulizia kwa masonara, unaishia kuletewa zilezile heller (visarafu vya koloni la Mjerumani) za tundu zilizosagika na shilingi za King George, halafu ghafla mzee mmoja anafariki, watoto wanafungua sanduku na vitu ulivyokuwa unaviota miaka yote vinatoka siku moja. Ndo hobi yetu ilivyo. Mtu anakusanya taratibu maisha yake yote, ila mirathi inagawanywa mara moja, na wewe mshahara wako ni uleule wa mwezi uliopita.

Safari hii ni familia moja ya Tanga. Marehemu baba yao tulikuwa tunabadilishana naye heller, tukikaa barazani tunabishana habari za taji kubwa na taji dogo kwenye zile sarafu za heller 20 zilizopigwa Tabora mpaka kahawa inapoa. Binti yake mkubwa akanipigia: "Kaka, si we ndo ulikuwa unakuja kuongea na baba habari za hela za Mjerumani? Njoo uziangalie kabla hatujapeleka kwa sonara." Niliposikia sonara nikasema dada nakuomba usiziguse, nakuja, na msizisugue na ndimu wala dawa ya meno, ziacheni na weusi wake hivyohivyo.

Basi mezani kulikuwa na kopo la heller na pesa za shaba, hizo niliziweka pembeni, na nne za maana. Ya kwanza tembo wa Tabora, yaani ile rupia 15 ya dhahabu ya 1916. Ya pili rupia 2 ya fedha ya 1893, ya kampuni ya Wajerumani, Kaiser Wilhelm na kofia yake ya tai upande mmoja, simba na mnazi upande wa pili. Ya tatu riali ya fedha ya Seyyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, ndo 1882. Na ya nne kisarafu ambacho wenyewe walikuwa wamekichanganya na chenji za kawaida, senti 20 ya Zanzibar ya 1908, ya nikeli, ya enzi za Sultani Ali bin Hamud.

Hela niliyokuwa nayo ilitosha kitu kimoja na nusu hivi. Na tembo hata peke yake simmudu.

Nianze na huyo tembo maana kila mtu ndo anamwuliza. Ile sarafu historia yake inasisimua kweli: vita ya kwanza ya dunia, Waingereza wamefunga bahari, koloni la Wajerumani halipati sarafu kutoka Ujerumani, wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora na habari ikaishia hapo. Uzito wake ni gramu 7.168, dhahabu ni robo tatu, kwa hiyo dhahabu safi ndani yake ni gramu 5.376. Sonara atakulipa hizo gramu tano na ushee, kisha anaiyeyusha. Mkusanyaji analipa maelfu ya dola. Niliwaambia hivyo familia nzima, tena mbele ya kaka zao wote, kwa sababu hiyo ni haki yao, na mimi siwezi kununua kitu cha marehemu rafiki yangu kwa bei ya gramu huku najua thamani yake.

Sasa hapa ndo napotofautiana na wenzangu wengi. Zikitoka nyingi kwa pamoja watu wanakimbilia ya bei kubwa, wanauza pikipiki, wanakopa kwenye simu ili tu wampate tembo. Mi naona tuulize swali jingine kabisa: hii nikiiacha leo nitaiona tena lini? Tembo walipigwa kama elfu 16 hivi, na kwa kuwa ni dhahabu na ni maarufu watu waliwatunza, fungua katalogi za minada ya Ujerumani utawakuta, mwaka huu na mwaka ujao. Bei yake ni kubwa kwa sababu wanaomtaka ni wengi, siyo kwa sababu haonekani. Senti 20 ya Zanzibar ya 1908 ni kinyume chake, haina dhahabu wala fedha, wanaoijua ni wachache, ila kuipata yenye sura nzuri, maandishi yote yanasomeka, haijatobolewa, hiyo unaweza kusubiri miaka na miaka na usiione. Bei na uadimu haviendi pamoja kila mara, na mwenye mfuko mdogo hapo ndo penye nafasi yake.

Kwa hiyo nikazipanga kwa swali hilo. Senti 20 ya kwanza, bila mjadala. Rupia 2 ya pili, maana ilipigwa 1893 na 1894 tu na hii haijasuguliwa, ina rangi yake ya uzee safi kabisa. Riali ya Barghash iliniuma moyo, napenda mno maandishi yake, lakini ukiigeuza ukingoni unaona kovu la kuchomelea, ilishawahi kuwekwa kikonyo ivaliwe shingoni kama bibi zetu walivyokuwa wanavaa rupia, na kwa mkusanyaji kovu kama lile linakula sehemu kubwa ya bei. Nikaiacha. Tembo nikampa mkono wa kwaheri.

Ila kuna jambo ambalo mnunuzi mwenye wasiwasi halioni: muuzaji mwenye vitu vinne naye ana shida yake. Wakusanyaji wa kweli huku kwetu ni wachache, tunajuana kwa sauti, na familia inayotaka kumaliza mirathi haitaki kukaa na tembo mwaka mzima inasubiri mteja. Nikamwambia dada, mimi tembo simuwezi lakini najua anayemuweza, nikamuunganisha na jamaa yangu wa Mombasa ambaye amekuwa anamtafuta muda mrefu, akaja na mzani wake, akapima, akapiga picha za ukingo (tembo feki wapo wengi sana, wengine walitengenezwa kwa ajili ya vidani, usinunue bila kupima), wakaelewana. Familia ikapata hela kubwa mara moja na presha ikaisha. Baada ya hapo ndo nikaomba langu: senti 20 nailipa leo taslimu, rupia 2 naweka arubuni, iliyobaki nalipa kidogo kidogo, na sarafu ibaki kwenu mpaka nimalize. Dada akasema, "Kaka, baba angekuwepo angekupa ukae nayo." Nikamwambia hapana, ibaki, tuandikishane, maana kati ya watu wanaoheshimiana karatasi ndo inalinda heshima yenyewe.

Hela yenyewe niliitoa wapi. Niliuza heller 20 za Tabora nilizokuwa nazo mbili mbili, za shaba nyeupe kwanza, zile ndo nyingi, zenye taji tofauti nikabaki nazo moja moja. Nikauza na rupia za kawaida za 1904 kuja juu ambazo sikuwa na sababu ya kuwa nazo tatu tatu. Na kwenye mchezo wetu wa kila mwezi nikabadilishana zamu na mama mmoja ambaye yeye alitaka ya mbele zaidi kwa ajili ya ada za shule. Mkopo sikugusa, na siwashauri. Sarafu haikulipi kodi ya nyumba, na ukikopa ili ununue utalazimika kuuza kwa haraka, na anayeuza kwa haraka anapigwa.

Kwenye minada ya nje shida ni hiyohiyo ila inakuja kwa sura nyingine. Vitu vinauzwa kwa namba, namba 40 inapita kabla ya 90, na kama unachokitaka kiko 90 utatetemeka kwenye 40 uinunue usiinunue. Kampuni nyingi za mnada ukiziandikia mapema zinakubali maagizo ya masharti, kwamba nikikosa hii ndo mnunulie ile, au jumla isizidi kiasi fulani. Ulizeni, wengi hawajui kama inawezekana. Halafu ukumbuke juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho mnadani, kuna kamisheni ya mnunuzi, inafika asilimia 20 na zaidi, bado usafirishaji, bado ushuru huku. Mi naanzia kwenye hela niliyonayo narudi nyuma, natoa hivyo vyote, kinachobaki ndo dau langu. Na zikiwekwa tatu za aina moja kwenye mnada mmoja, usimalize nguvu kwenye ya kwanza, wale wenye hamu kubwa wanapata yao na kuondoka, ya tatu mara nyingi inakuwa na watu wachache.

Rupia 2 imebaki malipo kidogo, nikiimaliza nitaweka picha za pande zote mbili hapa. Kwenye ile familia kuna masanduku mengine bado hayajafunguliwa yako kwa kaka yao mdogo Pangani, na nimeshamuachia dada picha ya senti 10 ya 1908 aijue sura, ikionekana kwenye chenji aniite kwanza.